Meja, Nishani Yako ya Pili Bado Iko Kazini

Mwaka umetimia, Meja, tangu asubuhi ile ulipokaa kitandani kufunga viatu, ukafunga kimoja, cha pili ukakiacha wazi. Mkeo alikuwa jikoni. Aliita mara mbili kwamba chai iko tayari. Hukuwa mtu wa kuitwa mara mbili, kwa hiyo alijua kabla hajafika mlangoni.

Kiatu hicho hakijafungwa hadi leo. Kiko chini ya kitanda upande wako, kamba zimelala huku na huku. Kila Jumamosi mkeo hukitoa, hufagia pale kilipokuwa, hukirudisha vilevile. Binti yako alitaka kukitia kwenye boksi pamoja na vitu vingine. Mama yake akamwambia, "Kiache. Hakimzuii mtu kupita."

Watu wamemngoja alie. Hakulia makaburini, wala bendera ilipokunjwa akakabidhiwa mikononi. Majirani wakasema labda analia chumbani. Chumbani anapiga pasi mashati yako ya kaki, anayatundika, na mwezi ukiisha anayashusha anayapiga tena. Mchungaji alipokuja kumjulia hali alimweleza kwa sauti ya mtu anayeulizia ufunguo: "Nasali, nafunga, kwaya naimba, hakuna ninachoruka. Ila humu ndani pamekuwa kama mguu uliokufa ganzi. Naukanyagia, lakini sakafu siisikii."

Mchungaji akasema ganzi huisha. Mkeo akamshukuru, akamwongezea chai.

Ulikuwa mtu wa magari. Hukupanda chombo chochote kabla ya kukizunguka mara moja na kupiga matairi kisigino. Lori la jeshi, teksi, gari la harusi ya binti yako na maua yake yote, uliyazunguka. Jirani aliponunua kitoroli cha kumsukumia mtoto, nacho ulikizunguka, ukainama, ukamwambia gurudumu la nyuma la kulia linalega. Na kweli lilikuwa linalega.

Mama anayefagia mtaa wetu ulimpigia saluti kila asubuhi, naye akajifunza kukujibu kwa ufagio. Siku ya mazishi alisimama nje ya geti, ufagio wima begani, mpaka jeneza likapita. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Na hukuwahi kuandika jambo ambalo halikutokea. Mwanao, akiwa darasa la tano, alichelewa shule akakuomba uandike barua kwamba alikuwa mgonjwa. Ukachukua kalamu, ukaandika: "Alichelewa kuamka. Mimi pia." Ukatia sahihi na cheo. Mwalimu mkuu aliibandika ubaoni, na kijana wako hakukusemesha siku mbili.

Tuandike na utumishi wako, maana wenzako wengi watasoma kumbukumbu hii na watataka kuhakikisha hatujaongeza chumvi. Uliingia jeshini una miaka kumi na tisa, mwanafunzi wa ufundi wa magari, buti kubwa kuliko mguu, ukazijaza magazeti. Ukawa koplo, ukawa sajini, ukapelekwa kozi ya uofisa wakati wenzako wakikucheka kwamba fundi haondoi grisi kuchani. Ulipigana kwenye vilima vya mpakani ukiwa luteni. Vita kubwa ilipokuja ulikuwa kapteni, mkuu wa kombania ya usafirishaji, malori arobaini na mawili. Baadaye ukapelekwa ng'ambo kulinda amani ya watu wengine, ukarudi meja, ukakaa kambini hadi ulipostaafu.

Kwa utumishi huo ulipewa nishani nne. Ya kwanza ya vilima, ya pili ya vita kubwa, ya tatu ya kulinda amani, ya nne ya utumishi mrefu na mwenendo mwema. Hivyo ndivyo ilivyo kwenye karatasi. Kifuani ulikuwa na tatu.

Hili ndilo tunalotaka kulisema leo, na ni mkeo mwenyewe aliyetaka lisemwe. Kila aliyesimama nawe kwenye gwaride la mwaka aliliona lile pengo. Ya kwanza, halafu nafasi tupu, halafu ya tatu na ya nne. Mshonaji wa kambi alitaka kuzisogeza zikae pamoja, ukamkatalia. Ulipoulizwa ya vita iko wapi, jibu lako lilikuwa lilelile miaka yote: "Iko kazini."

"Kazini kwa nani?" rafiki yako alikuwa akidakia, yule luteni wako wa vita aliyestaafu kanali, ambaye jeshi zima linamwita Breki kwa kuwa hakuwahi kuwahi mahali. Na hapo ndipo watu walipokuwa wakicheka. Mmoja angesema umeivisha shingo laini. Mwingine angesema nishani imepata uhamisho na nyumba juu. Mkeo alikuwa pale pale, kwenye viti vya akina mama, soda mkononi. Naye alikuwa akicheka.

Lakini macho yake yalikuwa yanafanya kazi. Kila mwaka, wiki ya gwaride, alinunua makopo mawili ya dawa ya kung'arishia shaba. Kopo moja lilitumika nyumbani, kwenye nishani tatu, vifungo na bizimu ya mkanda. La pili lilitoweka. Gwaride likiisha ulikuwa ukifunga mkoba mdogo, ukisema unakwenda kuwaona watu wako, ukikaa siku mbili. Ulirudi vidole vinanuka dawa ya shaba, na kopo halimo. Mwanamume anayekwenda kumng'arishia mtu kitu mwaka baada ya mwaka, mkeo alijua mawili matatu ya kufikiri.

Hakuuliza. Mwaka wa kwanza aliona ni mapema. Mwaka wa kumi aliona amechelewa. Akawa ananunua makopo mawili, anayaweka dirishani, na jioni anamwachia Mungu. Kosa hilo ni lake, na hapa amelikubali.

Mwezi wa sita baada ya kuondoka kwako ililetwa barua kutoka brigedi. Wamejenga ukumbi mpya na wanataka kutundika nishani za maofisa walioongoza kwenye vita kubwa, kila mmoja na fremu yake na maelezo ya utumishi wake. Mkeo alizifunga nishani zako kwenye leso akazipeleka ofisi ya kumbukumbu.

Karani ni mama mtu mzima, miwani imefungwa kamba shingoni. Alizipanga kwenye kitambaa cha kijani, akafungua jalada lako, akahesabu kwa kidole. Akahesabu tena.

"Mama Meja, hapa naona tatu."

"Ni tatu."

"Jalada linasema nne. Ya vita haipo."

"Haipo."

Karani akamtazama juu ya miwani. "Imepotea?"

"Sijui."

"Kama imepotea si neno. Jaza fomu hii, utie sahihi kwamba imepotea, sisi tunaagiza nyingine. Wajane wengi wanafanya hivyo. Kuna ambao wajukuu walizitupa kisimani, kuna ambao nyumba ziliingia maji. Wiki tatu unaletewa mpya, fremu inajaa."

"Na kama haikupotea?"

"Basi ilete, mama. Mwisho wa kupokea ni mwezi wa nane."

Mkeo alikunja fomu mara nne, akaitia kwenye kitabu chake cha nyimbo. Ilikaa humo Jumapili tano. Kila alipofungua wimbo, fomu ilikuwa ikichungulia.

Aliogopa mambo mawili. La kwanza, kutia sahihi jambo asilolijua, na sahihi kwake ni kiapo. La pili, kwenda kulijua. Akitia sahihi, nishani mpya ingekuja, pengo lingezibwa, vicheko vingekwisha na jina lako lingekaa ukutani limetimia. Akitafuta, huenda angeikuta ile nishani kwenye nyumba ya mwanamke, nawe hupo kumjibu.

"Mama, tia sahihi yaishe," binti yako akamwambia. Ni muuguzi, amezoea watu kutia sahihi. "Baba ameshapumzika."

"Yeye amepumzika. Mimi ndiye nitakayeulizwa."

"Uulizwe na nani?"

"Na Mungu, kwanza. Halafu na wewe, siku utakapokuwa mjane ukaanza kufikiri."

Binti yako akanyanyua vikombe akaenda kuviosha, japo vilikuwa visafi.

Gwaride lilipokaribia mkeo alikwenda dukani. Muuza duka, kwa mazoea, akamwekea makopo mawili. Mkeo akayatazama, akayachukua. Hakujua la pili ni la nini. Mikono ilikuwa imeshazoea.

Siku mbili baada ya gwaride akaja Breki kusalimia, na fimbo yake. Mkeo alimtilia chai, akamwekea sukari anavyopenda, akangoja anywe nusu.

"Shemeji, nishani ya mume wangu iko wapi?"

"Si alisema iko kazini?"

"Hapo ndipo mnapochekea. Leo sijauliza kicheko."

Breki akaweka kikombe chini. Alikaa akiichezea fimbo, kisha akasema, "Unamkumbuka Taratibu?"

Mkeo alimkumbuka kwa barua zako. Dereva wa lori la mbele, kijana aliyeendesha kana kwamba amebeba mayai, mkampa jina hilo kwa kumkejeli, likawa la sifa kwa sababu lori lake ndilo pekee lililovuka mto bila kuchubuka. Uliandika kwamba amekufa kwa ajali. Hukuandika zaidi.

Breki akamwambia yaliyobaki. Siku ya ishirini na nane ya vita malori yalikwama kwa kukosa mikanda ya feni. Ukamtuma Taratibu arudi nyuma kuifuata, kwa kuwa ndiye pekee uliyeamini angefika. Akavuka mpaka salama. Akiwa ameshaingia upande wetu, ambako hakuna risasi wala adui, lori likateleza kwenye kona likapinduka.

"Kanuni ya nishani ilikuwa siku thelathini ndani ya eneo la vita," Breki akasema. "Taratibu alikuwa nazo ishirini na nane, na amefia nje. Daftari lilikuwa la mumeo. Nikamwambia, Afande, andika thelathini. Siku mbili tu, nani atakwenda kuhesabu? Akaniambia, 'Mimi nimeshahesabu.' Akaandika ishirini na nane kwa mkono wake, na jina likaachwa. Siku hiyo hakula. Nami nilimchukia kidogo, shemeji, sikufichi."

"Halafu?"

"Nishani zikaja. Yake akaivaa gwaride moja. Kesho yake akaifungua kifuani, pamoja na utepe na pini yake, akaitia mfukoni, akaenda kwa mama yake Taratibu. Akamwambia ni ya mwanawe. Aliporudi akaniambia, 'Daftari sikuligusa. Changu nimetoa mwenyewe.' Akaniapisha nisiseme kwa mtu, habari isije ikamrudia mzazi. Na kila mwaka anakwenda kuing'arisha. Ndiyo nikaanzisha ule mchezo wa 'kwa nani'. Watu wakishacheka hawachimbi."

"Kweli hawakuchimba," mkeo akasema. "Na mimi je?"

Breki akatazama kikombe. "Wewe nilikuwa nakuona unacheka."

"Nilikuwa nacheka," mkeo akasema, akamwongezea chai.

Wiki hiyohiyo akaenda, yeye na binti yako. Nyumba iko nyuma ya tanuri la matofali, vumbi jekundu mpaka kwenye majani. Mama wa Taratibu alikuwa mlangoni akichambua maharage kwenye ungo. Ana miaka themanini na ushei, mikono haitetemeki. Hakutazama nyuso zao kwanza. Alitazama mkoba, ule mkoba wako mdogo, ambao mkeo alikuwa ameubeba.

"Amekufa," akasema.

"Amekufa, mama. Huu mwezi wa saba."

"Nilijua. Siku yake imepita juzi. Yule si mtu wa kuchelewa." Akasogeza ungo. "Wewe ndiye mkewe. Ingieni."

Chumba ni kimoja na pazia katikati. Ukutani kuna picha ya kijana amekaa kwenye usukani, kiwiko dirishani, anajizuia kucheka. Juu ya picha, kwenye msumari, nishani yako ya pili inang'aa kama imetoka kiwandani.

Lakini mkeo hakuwa anaitazama. Alikuwa anatazama dirishani. Kwenye kizingiti, na kwenye ubao uliopigiliwa chini yake, palikuwa na makopo ya dawa ya shaba, vifuniko vimetolewa. Moja lina vifungo. Moja sindano na uzi. Moja viberiti, moja chumvi, moja mishumaa iliyokatika. Kwenye moja palikuwa na kitunguu kilichochipua. Mkeo akayahesabu kwa macho, kutoka kushoto. Yalikuwa thelathini na moja. Yote aliyanunua yeye.

"Alikuwa akikaa hapo," yule mama akasema, akionyesha kigoda. "Mchana anasugua na kunisimulia. Jioni anakwenda kulala kwa jirani, mchoma matofali. Nikamwambia, mimi kizee, nani atakuonea wivu? Akasema, 'Mke wangu anahesabu makopo.'"

Meja, hayo maneno mkeo ameyabeba mpaka leo hajapata pa kuyaweka. Ulijua kwamba anahesabu.

"Aliwahi kusema kwa nini haniambii?" akauliza.

"Nilimwuliza. Akasema akianza kukueleza itabidi aeleze na ile mikanda ya feni, na nani alimtuma mwanangu. Kwangu aliweza kusema, kwa sababu nilikuwa najua. Kwako alikuwa mtu mzima mwenye nyota begani." Akasimama, akaishusha nishani kutoka msumarini, akaiweka kiganjani mwa mkeo. "Haya, soma ukingoni."

Ukingoni pamechongwa namba. Mkeo hakuhitaji kuisoma yote. Namba hiyo aliiandika juu ya bahasha miaka yote ya ndoa yenu kabla hamjapata simu. Binti yako alimkanyaga mguu, kwamba anyamaze.

Mkeo hakujua kunyamaza vizuri siku hiyo, au alikuwa ameshachoka nako. "Ni namba ya mume wangu," akasema.

"Najua."

Binti yako akaondoa mguu.

"Ya mwanangu ilikuwa inaishia na saba mbili. Kila kifurushi cha soksi nilichomtumia niliiandika mwenyewe. Herufi sizijui, tarakimu nazijua."

"Ulijua tangu lini, mama?"

"Tangu siku ya kwanza. Hajamaliza hata maji niliyompa."

"Na hukumwambia?"

"Amesimama hapo wima, kofia kwapani, jasho linamtiririka. Ningemwambia umekosea namba angeichukua akaondoka, na nisingemwona tena. Nishani ningeifanyia nini mimi? Nilitaka aliyemwona mwanangu siku ile aje anisimulie. Mwaka unaofuata aje anisimulie tena. Ndivyo nilivyokuwa nampata, kidogo kidogo." Akakaa. "Aliniambia na zile siku ishirini na nane. Aliniambia ni sheria iliyomwacha nje kwenye daftari, lakini baadaye wakubwa wakarekebisha. Hapo ndipo alipodanganya. Alidanganya vibaya, huku anaangalia viatu vyake. Nikamwambia, sawa baba, Mungu awabariki hao wakubwa."

Nje mtu alikuwa akipanga matofali, moja juu ya jingine.

"Sasa ni yako," yule mama akasema. "Anayesimulia hayupo. Ichukue ukaitundike huko wanakotundika."

Mkono wa binti yako ulisogea. Alikuwa akiwaza fremu, ukuta, wajukuu watakaopitishwa pale na walimu wao. Tusimlaumu. Mkeo alifungua mkoba, akatoa kopo la dawa na kipande cha flana iliyokuwa fulana yako. Akakaa kwenye kigoda. Akasugua uso wa nishani, akageuza, akasugua mgongo, taratibu, kama ulivyokuwa ukifanya wewe.

"Ukingo usiuguse," yule mama akasema. "Yeye alikuwa anauruka. Alidhani ukiwa mweusi sitaona namba."

Mkeo akauruka ukingo. Alipomaliza akasimama akairudisha msumarini, akanyoosha utepe. Kopo akaliacha kwenye ubao, mwisho wa mstari.

"Sijui kusimulia," akasema. "Mimi sikuwapo. Lakini nina barua zake humu mkobani. Kwenye barua Taratibu yumo."

"Soma, ninayo nafasi," yule mama akasema. "Sina safari."

Wakati wa kuondoka mkeo alimwomba ruhusa ya kuliandika jambo hili mwaka utakapotimia. Yule mama alifikiri kidogo. "Andika. Niliokuwa nawafichia wamekwisha. Waandikie pia kwamba alikuwa hajui kuimba. Alikuwa akisugua anaimba, na kuku wanatoka nje."

Tumeandika.

Siku ya mwisho ya kupokea mkeo alirudi kwa karani, akaitoa fomu kwenye kitabu cha nyimbo, ikiwa tupu.

"Mama Meja, hujajaza. Imepotea au haikupotea?"

"Haikupotea. Nimeiona kwa macho yangu."

"Basi iko wapi?"

"Iko kazini."

Karani akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Mama, fomu ina visanduku vitatu. Ipo, imepotea, imerudishwa. Kazini haimo."

"Acha wazi."

"Nikiacha wazi, fremu itatoka na pengo. Watu wataliona."

"Walikuwa wakiliona hata alipokuwa hai."

Huenda karani naye alikuwa na mume. Akachukua rula, akachora kisanduku cha nne kwa penseli, akakitia alama, pembeni akaandika maneno yako mawili. "Penseli," akasema. "Mkubwa akikataa nitafuta."

Mkubwa hajakataa. Labda hajasoma.

Fremu yako imetundikwa, Meja. Ni ya tatu kutoka mlangoni. Nishani ya kwanza, halafu ndoano tupu, halafu ya tatu na ya nne, na chini yake utumishi wako kwa chapa. Siku ya kufungua ukumbi mzee mmoja alisimama mbele yake, akacheka kwa mazoea, akamgeukia Breki: "Kazini kwa nani?"

Breki hakucheka. "Kwa Taratibu," akasema.

Yule mzee alikuwa wa kombania yako. Alibaki pale, kofia mkononi, mpaka chai ikapoa.

Mkeo alisimama dakika moja, akahakikisha fremu haijakaa upande, akaja nyumbani kupika. Ganzi haijaisha. Ameomba tuandike hivyo, asije mtu akampongeza kwamba amepona. Kiatu bado kiko wazi. Lakini ana neno moja nawe. Miaka thelathini na moja watu wawili wamelala kitanda kimoja, huyu anahesabu makopo, huyu anajua anahesabiwa, na wote kimya. Anasema amekusamehe, kwa sababu ameagizwa kusamehe. Kuhisi msamaha kutafuata kwa wakati wake. Na anaomba nawe umsamehe zile soda alizonywa akicheka.

Wanaokukumbuka ni mkeo. Binti yako muuguzi na mumewe. Mwanao fundi wa majokofu, ambaye sasa anatembea na ile barua yako kwa mwalimu mkuu kwenye pochi. Wajukuu wako watatu, na mdogo wao ameanza kupiga matairi kisigino. Dada yako mkubwa. Mama wa Taratibu, aliyeomba aandikwe humu ndani ya familia, si mwisho pamoja na marafiki. Na rafiki yako Breki, aliyewahi mara moja, siku ya mazishi yako.

Haitapita siku bila wewe, Meja. Na wiki ya gwaride ikifika, makopo yatanunuliwa mawili.